Kutoka Manyovu Kushukia Ujiji

Asubuhi Manyovu kuna baridi ya kuvalia koti. Ukungu hukaa mabondeni mpaka jua lipande, na ukiondoka, vilima hujitokeza kimoja nyuma ya kingine, vyote vimelimwa kuanzia chini hadi kileleni: migomba, kahawa, maharage, mihogo. Nyumba hazikurundikana pamoja. Kila kaya imekaa katikati ya shamba lake. Hapa ni wilaya ya Buhigwe, mkoa wa Kigoma. Vilima vinavyofuata, ambavyo jicho haliwezi kuvitofautisha na hivi, ni Burundi. Watu wanapita na madumu ya mawese, mikungu ya ndizi na baiskeli zilizoelemewa mizigo, wakisalimiana kwa lugha ambayo mmoja anaiita Kiha na mwenzake anaiita Kirundi, wala hakuna anayehitaji mkalimani.

Safari ninayotaka kukusimulia ni fupi kwenye ramani: kutoka mpaka huu, kupitia Kalinzi na Mwandiga, hadi Kigoma mjini na Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Haifiki kilomita mia moja. Lakini sijui mahali pengine Afrika Mashariki ambapo mtu anaweza kuona kwa macho, katika siku moja, jinsi ardhi inavyoamua watu wangapi wakae mahali, na jinsi wageni wanavyoamua watu hao wawe wa namna gani. Milima ya huku hujaza watu. Ziwa huwachanganya.

Miinuko hii, ambayo sehemu yake kubwa inapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni ukingo wa Bonde la Ufa la magharibi. Mvua inatosha, hewa ni ya baridi, mbu walikuwa wachache, na mbung'o hawakupanda huku. Kwa hiyo ng'ombe waliishi na watoto waliishi. Palipo na ng'ombe pana samadi, na palipo na samadi shamba moja hurithiwa na wajukuu bila kuchoka upesi. Watu hawakuwa na sababu ya kuhama. Juu ya msingi huo ulisimama ufalme wa Burundi, wenye lugha moja na mfalme mmoja, na upande huu wa mpaka zikasimama falme ndogo ndogo za Waha, Heru ikiwa miongoni mwa zilizosifika.

Matokeo yake yanasomeka mpaka leo kwenye takwimu. Burundi ina kilomita za mraba 27,834, ukijumlisha na kipande chake cha ziwa, na sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Mkoa wa Kigoma peke yake una eneo kubwa kuliko nchi hiyo nzima, lakini sensa ya 2022 ilikuta watu wasiofika milioni 2.5. Majirani hawa wana lugha zinazosikilizana na wanapika maharage yale yale. Tofauti ni kwamba Burundi karibu yote ni mlima, wakati Kigoma ina mlima kidogo na pori kubwa.

Pori hilo linaanza pale miinuko inapokwisha upande wa kusini na mashariki. Ni nchi ya miombo na ya Mto Malagarasi, wenye mabwawa mapana yanayojaa ndege. Mbung'o ndiye aliyekuwa mtawala wa huko. Malale yaliua, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ikawaondoa watu kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya sehemu chache ili waugue kidogo na kutibiwa kwa urahisi. Mashamba waliyoyaacha yakarudi kuwa msitu. Mtu anayepita leo na kusema kwamba nchi hii haikuwahi kuwa na wenyewe anasema asichokijua.

Ndani ya pori hilo hilo kuna Uvinza, na Uvinza inathibitisha kwamba ardhi ikificha kitu chema watu watapita hata palipo na mbung'o. Kuna chemchemi za maji ya chumvi, na uchimbaji wa wataalamu wa mambo ya kale umeonyesha kwamba watu wamekuwa wakiyachemsha maji hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kiangazi kilipoingia walikuja kutoka Buha, kutoka Burundi, hata kutoka ng'ambo ya ziwa. Walipiga kambi, wakachemsha, wakatoa sehemu yao kwa watawala wa Kivinza, kisha wakaondoka na chumvi zao kabla ya mvua. Kabla ya Mwarabu, kabla ya Mzungu, kabla ya reli, nchi hizi zilikuwa tayari zinajuana kwa sababu ya chumvi.

Turudi barabarani. Ukitoka Kalinzi, kwenye kahawa, gari huanza kuteremka na masikio huziba kidogo. Joto linaingia madirishani. Migomba inapungua, michikichi inaongezeka, na watu wanaosubiri usafiri kando ya njia wamevaa vitenge vya rangi kali zaidi. Mwandiga pana soko na kelele za bodaboda. Halafu, katika kona moja, ziwa linaonekana.

Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka kaskazini hadi kusini lina urefu wa kilomita 670 hivi, lakini upana wake kwa wastani ni kilomita 50 tu. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Limebeba karibu asilimia 16 ya maji baridi yote yasiyo barafu yaliyo juu ya uso wa dunia, na linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Hewa ikiwa safi, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo imesimama wima kama ukuta wa boma. Huo wembamba ndio siri ya mahali hapa. Kwa mtumbwi wa zamani, kuvuka kwenda Kongo kulikuwa kazi ya siku moja au mbili za makasia, ilhali kwenda pwani kwa miguu kulichukua miezi mitatu na zaidi. Kwa mtu wa Ujiji, Kongo ilikuwa jirani wa karibu na Bagamoyo ilikuwa safari.

Ujiji ndipo ninapotaka ukae nami kwa muda.

Siku hizi Ujiji imeungana na Kigoma kuwa manispaa moja, lakini bado ina mwendo wake. Barabara zake ni pana na za vumbi, miembe imesimama kila upande, nyumba nyingi ni za udongo zenye baraza mbele, na saa za sala sauti za adhana hupishana kutoka misikiti mingi iliyokaribiana. Mzee akikuona umesimama hujui pa kwenda atakukaribisha barazani kabla hajauliza shida yako. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mawese kwa chupa alinijibu shikamoo yangu, akaniambia nikae kivulini kwanza, "maana jua la huku, mwanangu, halina mgeni." Babu yake alitoka Umanyema. Mama yake mzazi ni Mjiji. Mume wake ni Mbembe, ambaye ukoo wake umegawanyika kati ya hapa na Fizi, ng'ambo. Aliyataja hayo yote kwa mkupuo mmoja, bila kuona kwamba ametaja jambo la ajabu, na kwa Ujiji si jambo la ajabu.

Wamanyema ndio waliotoa sura ya mji huu. Nchi yao ya asili ni Maniema, mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa na mbali zaidi. Karne ya 19, misafara ya pembe na ya watumwa kutoka Bagamoyo ilipofika Tabora na kisha Ujiji, ilivuka ziwa na kuingia nchi hiyo. Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858 walikuta soko tayari. Kwa muda mrefu watu walinunuana kwa shanga zilizoitwa sofi. Wamanyema walivuka kuja huku wengine wakiwa mateka waliofungwa, wengine wapagazi, wengine askari wa wafanyabiashara kama Tippu Tip na Rumaliza, na wengine wafanyabiashara kwa haki yao. Uchungu wa mwanzo huo haufai kufunikwa. Ujiji ilikuwa soko la kuuzia binadamu. Lakini watu walioletwa hapa kwa nguvu hawakubaki walivyoletwa. Walisilimu, wakajenga, wakaoana na Wajiji na Waha na Wabwari, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani, na baada ya vizazi viwili wao ndio waliokuwa wenyeji wanaopokea wageni wengine. Kutoka hapa walisambaa. Tabora kuna Wamanyema. Dar es Salaam, Kariakoo, kuna Msikiti wa Manyema. Na Bujumbura kuna Buyenzi.

Buyenzi ni ndugu wa Ujiji aliyekwenda kuishi mbali. Ni mtaa wa jiji la Bujumbura, wenye misikiti, mafundi magari na harufu ya vitafunio vya jioni, ambako utasikia Kiswahili kutwa nzima katikati ya nchi inayozungumza Kirundi. Kilichofanya Kiswahili kikae pale ufukweni na kisipande milimani ni jiografia na historia kwa pamoja. Rumaliza alijaribu kuipenya Burundi, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Ufalme ule ulikuwa na watu wengi, umejipanga, na mlima ulikuwa upande wake. Kwa hiyo biashara ya utumwa haikuweza kuitafuna Burundi kama ilivyoitafuna Maniema, na Uislamu na Kiswahili navyo vikabaki kwenye ukanda wa ziwa, kutoka Rumonge hadi Bujumbura. Mwinuko wa milima ulitenga tamaduni mbili ndani ya nchi moja, huku maji ya kilomita hamsini yakiunganisha utamaduni mmoja katika nchi tatu.

Wageni wengi huja Ujiji kwa ajili ya Livingstone. Ni kweli kwamba Stanley alimkuta hapa Novemba 1871, chini ya mwembe, na kwamba miembe iliyopo penye mnara wa kumbukumbu inasemekana kuwa kizazi cha mwembe ule. Mimi pale kilichonishika ni umbali wa maji. Mnara umesimama mbali na ufukwe, ilhali wakati ule soko lilikuwa karibu na ziwa. Ziwa lilikuwa limejaa, na miaka michache baadaye, mwaka 1878, likapasua kizuizi chake kwenye Mto Lukuga, upande wa Kongo, maji yakashuka kwa mita nyingi na ufukwe ukarudi nyuma. Katika miaka hii ya karibuni yamepanda tena: Gatumba, karibu na Bujumbura, watu wamepoteza nyumba zao, na ufukwe wa Kigoma nao umemezwa sehemu sehemu. Ziwa hili halijawahi kuwaachia watu wapange peke yao pa kukaa.

Kigoma yenyewe ni mtoto wa ghuba. Ufuo wa Ujiji ulikuwa na maji machache, usiofaa kwa meli; Wajerumani wakachagua ghuba yenye kina iliyokuwa karibu, na mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, ikaishia hapo. Jengo la stesheni bado limesimama, jeupe, linatazama bandari. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ililetwa vipande vipande kwenye masanduku na kuunganishwa hapa. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani wakaizamisha wenyewe, mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Baada ya vita Wabelgiji, waliokuwa wameiteka Kigoma, waliikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921 lakini wakabaki na eneo lao bandarini, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Bandari bado inafanya kazi ile ile: saruji na bidhaa za viwandani zinapakiwa kwenda Bujumbura na Kalemie. Na mwaka 1965 Che Guevara alivukia hapa usiku kwenda kupigana Kongo, akijificha nyuma ya jina la Kiswahili, Tatu.

Reli haikuleta tu, ilichukua pia. Serikali ya kikoloni haikuijengea Kigoma mashamba makubwa. Iliiona kama ghala la nguvu kazi. Vijana wa Kiha, na Warundi pamoja nao, walipandishwa mabehewa kwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, na wengi hawakurudi. Ndiyo maana utakuta koo za Kiha mamia ya maili kutoka milimani kwao. Milima ikijaza, lazima watu wamwagike mahali.

Njia ya kutoka magharibi nayo haijafungwa. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, na Tanzania ikamchukua kuwa wake mpaka siku ya kumzika. Alipita njia ya Wamanyema wa zamani, safari hii gitaa likiwa ndilo mzigo. Muziki wetu wa dansi ungekuwa maskini kiasi gani bila watu waliovuka kutoka kule!

Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, ndio mwalo ninaoupenda. Usiku usio na mbalamwezi, ziwa lote linawaka. Wavuvi huwasha taa, zamani za karabai na siku hizi za sola, dagaa wakaufuata mwanga na nyavu zikainuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukiwa mpevu hakuna kazi, dagaa hutawanyika. Alfajiri boti zinarudi, na akina mama wanashuka hadi magotini kwenye maji wakiwa na beseni, wakipatana bei kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiha na Kibembe. Dagaa huanikwa kwenye mchanga na kwenye vichanja, na wakikauka husafiri hadi Dar es Salaam, Lubumbashi na kwingineko. Migebuka, ambao Warundi wanawaita mukeke, huliwa hapa hapa, wamebanikwa kisha wakaungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Chakula hicho hicho utakikuta Uvira, Rumonge na Kalemie. Siasa za nchi hizi zimetofautiana sana kwa miaka sitini, lakini sufuria halikubadilika.

Kuna wageni ambao hawakuja kwa biashara. Mwaka 1972 Warundi kwa makumi ya maelfu walikimbia mauaji na kuvuka kuja Tanzania. Walipelekwa kwenye mapori ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, nchi ya mbung'o kama ile ambayo watu walikuwa wameondolewa. Waliifyeka, wakailima, na baada ya miaka michache walikuwa wanauza mahindi na maharage kwa jirani zao. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Nchi chache sana duniani zimewahi kufanya hivyo kwa wakimbizi wengi kiasi hicho, na mimi huwa najivunia jambo hili mbele ya mtu yeyote.

Nyarugusu, wilayani Kasulu, ni habari nyingine. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo leo ni mtu mzima mwenye watoto, na bado anaishi ndani ya uzio wa vibali. Mei 2015 Warundi walimiminika tena, safari hii Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, pasipo na barabara ya gari. Makumi ya maelfu walilala ufukweni, kipindupindu kikaingia, na Liemba ile ya Wajerumani ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua hadi Kigoma. Februari 2025 mkondo uligeukia upande mwingine: Wakongo waliokimbia vita walivuka Mto Ruzizi na kujaa uwanja wa mpira wa Rugombo, nchini Burundi. Nchi inayokimbiwa mwaka huu ndiyo inayokimbiliwa mwaka ujao. Warundi na Wakongo wote wamewahi kugonga mlango wa mwenzao.

Kwa hiyo linaniuma jambo moja, na nitalisema. Mtu wa Kigoma akisafiri ndani ya nchi yake huulizwa, kuliko Mtanzania wa mikoa mingi, kama kweli ni raia. Lafudhi yake husikika ya Kirundi, jina lake hufanana na la Kongo, na mwenye muhuri humweka pembeni asubiri. Malalamiko haya ni ya miaka mingi. Lakini lafudhi ile ilikuwepo milimani kabla hakujachorwa mstari wowote, na jina lile lilivuka ziwa kabla hakujakuwa na Tanganyika wala Kongo ya kulivusha. Waliokaa ofisini na muhuri mkononi ningewaomba wamhudumie mtu wa Kasulu kama wanavyomhudumia mtu wa Lushoto.

Nawe msomaji, ukipata nafasi, nenda. Usiende kati ya nusu ya Mei na nusu ya Agosti, maana tangu 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ziwa limekuwa likipumzishwa ili samaki wazaane, na Kibirizi hutaikuta ilivyo. Angalia kalenda ya mwezi, ufike siku za giza. Watu wengi huanzia Kigoma mjini, wakapanda boti kwenda kuwaona sokwe wa hifadhi ya Gombe na kurudi zao. Gombe ni nzuri, lakini hiyo ni nusu tu ya nchi. Anzia Manyovu, na koti lako, kisha ushuke.